Sisi Tuliokula Ukuta wa Jengo la Mawe

Enzi zetu, kule juu ya Maji ya Chai, mtoto hakuulizwa anapenda kula nini. Aliwekewa. Ukiwekewa loshoro, yale mahindi ya maziwa mgando, unakula loshoro, ukiwekewa ndizi za jana unakula ndizi za jana, na ukinuna mama anakwambia, "Kula ushibe, usiende kunitia aibu kwa watu." Tulishiba. Nataka hilo lieleweke mwanzoni kabisa, kwa sababu nitakayoandika hapa yanaweza kumfanya mtu afikiri wazazi wetu walitunyima chakula. Siyo kweli, na mama yangu hayupo tena wa kujitetea. Tulishiba vizuri, halafu tukaenda shule tukala ukuta.

Aliyeniomba niandike ni Nuruel, tuliyesoma naye, ambaye sasa ni mzee wa kanisa na mwenyekiti wa kamati ya majengo ya usharika wetu. Alitaka kumbukumbu kidogo za Jengo la Mawe, za kusomwa na sisi tuliosomea pale, maana tumebaki wachache na kila mmoja anakumbuka la kwake. Nilimwambia mimi nimeishia darasa la saba, na daftari langu ni la kuandika mvua imenyesha lini na kuku gani ameanza kutagia nje. Nikamwambia, "Kuna watu wamesoma mpaka chuo cha Makumira, waombe hao."

Akasema, "Hao hawakula."

Kwa hiyo naandika, na nikikosea mahali, wenzangu mnisahihishe.

Jengo lenyewe mnalijua. Unaiacha lami pale Maji ya Chai, unapanda na njia ya kahawa, unavuka mto mara mbili (njia ndiyo inayozunguka, mto ni ule ule mmoja), na ukishahema vya kutosha unaliona limekaa kwenye kitako cha kilima, limeupa mlima Meru mgongo. Watu hupenda kusema lilijengwa na Mjerumani. Kwa haki, Mjerumani alikuwepo. Inasemekana alishika kamba ya kupimia. Lakini mawe yalitoka mtoni juu ya mabega ya babu zetu, maji yalitoka mtoni juu ya vichwa vya bibi zetu, na kilichoyashikanisha mawe ni udongo wa kichuguu uliokanyagwa kwa miguu pamoja na samadi mpaka ukawa laini kama ugali wa mgonjwa. Madirisha ni mbao za loliondo. Bati lake ni lile nene la zamani, ambalo mvua ikilishukia mwalimu anaweka chaki chini na sisi tunabaki kutazamana. Mwanzoni lilikuwa kanisa. Kanisa kubwa lilipojengwa, likawa shule yetu ya madarasa ya chini.

Asubuhi za mwezi wa saba, nani amezisahau? Ukungu unashuka kutoka mlimani mpaka unamsikia mwenzako anakohoa na humwoni. Miguu peku, sweta lililorithiwa kutoka kwa watoto watatu, mkono mmoja umeshika ufagio, mwingine umeshika kiazi cha moto, kwanza cha kujipasha vidole, baadaye cha kula. Ijumaa unaongeza samadi na majivu kwa ajili ya kusiliba sakafu. Kengele ilikuwa ringi ya gari iliyoning'inizwa kwenye mti wa mgrivea. Ukiisikia ukiwa bado mtoni, ujue umeshachelewa, na aliyechelewa alipanda na jiwe la ujenzi kichwani. Mimi nilikuwa mzito wa kuamka. Sidhani kama nakosea nikisema choo cha walimu kilijengwa na mimi na Nuruel.

Tulicheza rede mpaka mpira wa soksi ukafumuka. Tulinyonya utamu wa kahawa iliyoiva na kutema buni kwa kushindana nani anafikisha mbali. Tuliteleza mteremkoni juu ya magogo ya migomba, tukifika chini kaptula na magauni yamebaki nusu, na kipigo kinatungoja nyumbani kikiwa kizima. Wajukuu zangu nao wanateleza, ila ni kidole tu kinachoteleza juu ya kioo cha simu. Nikiwaambia habari ya gogo wananiuliza, "Bibi, lilikuwa na breki?"

Sasa ukuta.

Nyuma ya jengo, ile kona inayotazama mlima, jua halikufika. Mvua za kwanza zikinyesha, udongo uliokuwa katikati ya mawe ulitoa harufu ambayo sijui niiandikeje. Mtu aliyewahi kuipata anaijua, na mama waliowahi kubeba mimba wanaijua zaidi. Mate yalikuja yenyewe. Ulianza na ukucha wa kidole kidogo, ukaendelea na mwiba, ukaendelea na msumari. Nuruel alikuwa na kijiko. Simsengenyi, mwenyewe amenipa ruhusa niandike. Ladha yake ilikuwa uchachu kwanza, kisha chumvi kwa mbali, kisha moshi. Na tulikuwa na taratibu zetu. Huchimbi palipoanzwa na mwenzako. Wa darasa la kwanza anakula chini, usawa wa magoti, wa darasa la tatu anakula juu. Vipande vyenye chokaa vilikuwa vya wakubwa. Bonge moja zuri lilikupatia mapera mawili, na kama lilikuwa na unyevu, matatu.

Ushahidi haukuwepo. Meno yetu yalikuwa ya kahawia tayari kwa madini ya maji ya kwetu, kwa hiyo hata mwalimu akikwambia "Fungua mdomo" anaona meno ya kawaida ya mtoto wa Maji ya Chai.

Sisi hatukuanzisha. Dada zetu walikula kabla yetu, na nasikia hata baadhi ya wazazi wetu. Sisi tulirithi shimo, tukaliendeleza. Nikiwa darasa la tatu kichwa changu kilikuwa kinaingia chote. Najua kwa sababu nilijaribu. Kuingia kiliingia, masikio yakagoma kutoka, ikabidi Nuruel anivute miguu huku wengine wanashika zamu.

Siku moja Mwalimu Kaaya aliligundua. Alitupanga mstari mbele ya ile kona, fimbo kwapani, akauliza kwa sauti ya upole, na sote tunajua Mwalimu Kaaya alikuwa wa kuogopwa akiwa mpole: "Nani amekula ukuta huu?"

Kila mmoja akatazama vidole vyake vya miguu.

Basi wakati huo huo, sijui ni Mungu au ni shetani, mbuzi mmoja wa Bibi Naomi akatokea kichakani, akapita mbele yetu kama mkaguzi, akafika kwenye kona, akaulamba ukuta. Bibi Naomi alikuwa mjane, shamba lake lilipakana na shule, na mbuzi wake walikuwa na mazoea ya kuja pale. Kwa haki, walikuwa wanalamba, nimewaona kwa macho yangu. Ila mbuzi analamba. Hachimbi na kijiko.

Mwalimu akasema, "Ahaa."

Ahaa hiyo ndiyo ilikuwa hukumu. Mbuzi wa Bibi Naomi wakapigwa marufuku kukanyaga eneo la kanisa, ambako ndiko kulikuwa na majani mazuri. Tangu siku hiyo yule mama akawa anakata majani ng'ambo ya mto, anapanda nayo mgongoni, masika na kiangazi, mpaka uzee ulipomzuia. Familia yake ikapata jina: wenye mbuzi walakanisa. Watoto tukalitungia wimbo, na mimi niliuimba, na sauti yangu ilikuwa nzuri. Naliandika hili nisije nikaonekana nimelisahau.

Miaka ikaenda. Shule ikajengewa madarasa ya tofali za saruji kule barabarani, Jengo la Mawe likabaki stoo ya mabenchi mabovu na maboga ya sikukuu ya mavuno. Lingeshaanguka kitambo kama si mtu mmoja. Mtu huyo ni Fundi Zakayo, mtoto wa Bibi Naomi, fundi wa mawe. Kila kiangazi, kabla ya mvua, ulimwona anapanda na ndoo na kijiko cha uashi. Anaziba nyufa, anageuza bati lililoinuka, anapaka dirisha mafuta machafu ya gari ili mchwa wasisogee. Hakutumwa na mtu. Hakumwomba mtu hata maji ya kunywa. Sisi tukasema, analipia dhambi ya mbuzi wa mama yake. Na mimi nilisema, tena nilisema nikiwa najua ninachokijua.

Kuna mwaka msamaria mmoja alijitolea saruji, ile kona yetu ikapigwa lipu ngumu kwa nje, shimo likafunikwa mdomo, ikapendeza. Fundi Zakayo peke yake ndiye hakupenda. Alisema, "Saruji na udongo ni kama watu walioozeshwa kwa nguvu. Wanalala kitanda kimoja wamepeana migongo. Maji yakiingia katikati, hayatoki." Tukacheka. Tukaona ana wivu wa fundi.

Mwaka juzi, baada ya mvua kubwa, kona ikavimba. Ufa ukashuka kutoka dirishani mpaka chini, mpana wa kuingiza kiganja. Usharika ukamleta injinia kutoka mjini, kijana mwenye heshima, anaamkia kila mtu shikamoo mpaka walio rika lake. Akagonga, akapima, akaandika kwamba kona inatitia, ardhi ya pale haibebi, jengo ni hatari, libomolewe kabla ya masika. Taarifa ilisomwa na mwenyekiti wa kamati, yaani Nuruel, mbele ya mkutano wa usharika, na uso wake haukutikisika.

Nisiwe mwongo. Waliotaka libomolewe walikuwa na sababu zao. Watoto wa Sunday school wanafundishiwa juani, ukumbi unahitajika, na nani anataka ukuta umwangukie mtoto? Fundi Zakayo alisimama akasema, "Ardhi haijatitia. Chimbeni msingi muone." Kabla hajamaliza, sauti ikatoka nyuma, "Kaa chini, mwenye mbuzi!" Watu wakacheka mpaka mchungaji akakohoa. Zakayo akakaa. Ikaamuliwa kwamba Jumapili inayofuata watu wapige kura.

Wiki ile sikulala usingizi wa maana. Jumatatu nikaenda kwa Nuruel. Nikamkuta anapogoa kahawa.

"Nuruel, ile kona haijatitia. Tuliila."

Akashusha mkasi. "Mama Elia, mimi ni mwenyekiti."

"Ulikuwa na kijiko."

"Punguza sauti, mke wangu yuko jikoni." Akatazama nyuma, kisha akasema taratibu, "Tulikula kidogo tu. Udongo wa kushika viganjani. Huo unaweza kuangusha jengo?"

"Watu wangapi, Nuruel? Miaka mingapi?"

Alikata tawi moja la kahawa. Halafu akaniuliza swali ambalo mpaka leo naliheshimu: "Na kama umekosea? Tukaliacha, likamwangukia mtoto wa watu?"

Mimi si mtu wa kujiamini, hata nikihesabu kuku narudia. Nikaondoka. Lakini sikwenda nyumbani, nilipanda mpaka kwenye jengo nikiwa na kisu cha jikoni, nikaanza kugonga ile lipu kwa mpini. Chini kabisa, usawa wa kifundo cha mguu, palilia kama jiwe, ko ko ko. Nikapanda. Kuanzia chini kidogo ya magoti yangu palilia kama ngoma. Nikaendelea kugonga hadi kifuani, ngoma. Nilipofika usawa wa kidevu changu, ko ko ko, jiwe tena. Nikasimama pale nikiwa na kisu changu kama kichaa. Shimo lilianzia magoti ya mtoto wa darasa la kwanza na kuishia pale mtoto wa darasa la tatu anapofika akisimama kwa vidole. Ardhi ikititia haichagui vimo vya watoto.

Jumapili nilikata jani la sale kwenye mpaka wa shamba langu. Kwa mgeni asiyejua: sale ni huu mmea tunaoupanda mipakani, na kwetu ukimpelekea mtu jani lake umemwomba radhi, na ni vigumu sana kwake kukataa. Nililifunga ndani ya khanga. Ibada nzima sikusikia neno moja, Mungu anisamehe, labda siku hiyo alisema jambo muhimu.

Mkutano ulipofunguliwa nilinyoosha mkono. Nikasema nilivyoweza, sikumbuki vizuri, ila najua nilianza na mbuzi: kwamba mbuzi wa Bibi Naomi hawakula kanisa, kanisa tulilila sisi, mimi nilikuwa mmoja wao, na hilo shimo ndilo lililoko nyuma ya saruji mpaka leo.

Halafu mbele kabisa, kwenye kiti cha wazee, Mwalimu Kaaya akageuka. Ana miaka karibu tisini, husikia anachotaka kusikia. Siku hiyo alisikia chote.

"Elinisia!"

"Naam, Mwalimu." Nina wajukuu, lakini mikono ilienda nyuma yenyewe.

"Simama wima. Ulikuwa unakula na nani?"

Nikatazama migomba dirishani. Kumtaja mtu sikuweza. Ndipo nikasikia kiti kinasukumwa pale meza kuu, na Nuruel akasimama na suti yake, na taarifa ya injinia mkononi. "Na mimi, Mwalimu."

"Wewe nilikushuku tangu mwanzo," akasema Mwalimu Kaaya.

Basi ikawa kama ubatizo. Akasimama huyu, akasimama yule, bibi mmoja mwenye mkongojo akainuliwa na mjukuu wake, mstaafu mmoja mwenye kitambi cha heshima akajifanya anarekebisha mkanda kisha akabaki amesimama. Tulikuwa kumi na mmoja. Watoto wa kwaya walikuwa wanacheka mpaka wanashikana. Mwalimu Kaaya akatutazama wote, akatikisa kichwa. "Miaka yote hii nimewasengenya mbuzi."

Injinia kijana akaomba nafasi. "Samahani mama, shikamoo. Mnaposema mlikula... ni kwa mdomo?"

"Kwa mdomo, mwanangu. Marahaba."

Akaandika kwenye daftari lake. Kisha akasema jambo la kiungwana, nami nalitaja ili asionekane mjinga kwa wajukuu wetu: "Chuoni hatukufundishwa hili. Naomba tuchimbe kabla ya kura."

Nilimwendea Fundi Zakayo pale alipokaa, nyuma, karibu na mlango kama kawaida yake. Nikampa jani la sale kwa mikono miwili. Alilitazama muda ambao mimi niliuona mrefu sana. Akalikunja, akaliweka mfuko wa shati.

Tulichimba Jumatatu. Msingi ulitokea ukiwa mawe ya mtoni makubwa kama kondoo waliolala, yamebanana hata kisu hakiingii. Injinia akaingia shimoni na viatu vyake vizuri, akapapasa, akakata kwa mstari mmoja ukurasa alioandika, akaanza mwingine: jengo lishikiliwe kwa nguzo, saruji ibanduliwe, kona ijengwe upya kwa udongo kama wa mwanzo. Na msimamizi wa kazi awe Fundi Zakayo. Kura haikuhitajika tena.

Kazi ile, ndugu zangu, mlioikosa mmekosa. Udongo wa kichuguu tuliuchekecha, tukauchanganya na samadi na nyasi zilizokatwakatwa, tukaufunika kwa majani ya migomba siku saba. Zakayo anasema udongo usiolala haushiki. Ukishalala, unakanyagwa. Mwalimu Kaaya alikuwa ametoa adhabu kwamba kila mlaji alete mawe kumi kutoka mtoni, na alikaa kivulini na kofia yake kuhesabu. Mimi jiwe la tatu tu nikaona nyota. Hapo ndipo vijana wa bodaboda walipojitokeza. "Bibi, panda, wewe na jiwe lako." Mwalimu akapiga kelele kwamba huo ni udanganyifu. Wakampakia na yeye.

Tuliwacheka sana vijana hao, kwamba hawajui kukanyaga udongo bila kuweka muziki, kwamba kila ndoo moja picha tatu. Lakini haki ni haki. Walikanyaga Jumamosi mbili mfululizo bila kuombwa, na mmoja wao, mwenye nywele zilizopakwa rangi ya machungwa, ndiye aliyepanda juu kufunga mifereji ya maji wakati sisi wakubwa tunabishana ngazi aishike nani.

Siku moja tulipokuwa tunachekecha, mimi na Zakayo tu, nikajikaza nikamwambia jingine lililokuwa linanisumbua. "Fundi, naomba radhi tena. Mimi siku zote nilidhani unaziba jengo hili kulipia wale mbuzi."

Akaacha chekecheke. "Kwani mtu akiziba ufa wa nyumba ya Mungu lazima awe na kosa? Mimi napenda mawe, Mama Elia. Basi."

Nikaona aibu mpya juu ya ile ya zamani. Kisha akasema, kama mtu anayeongea na udongo, "Halafu, mama alikuwa anajua."

"Alikuwa anajua nini?"

"Alikuwa anawaona kutoka shambani. Aliwajua wote. Nuruel alimwita mwenye kijiko. Wewe alikuita yule wa masikio. Siku ile ulipokwama alicheka mpaka akakaa chini."

Nilishindwa hata kucheka. "Kwa nini hakusema? Amebeba majani ng'ambo ya mto miaka yote ile!"

"Nilimwuliza. Akasema, mbuzi hachapwi."

Tukachekecha kidogo. Nikamwuliza, "Na wewe? Wangebomoa, ungekaa kimya?"

"Aliniambia nisitaje mtoto wa mtu. Na ningetaja, nani angemwamini mwenye mbuzi? Mwenyekiti ndiye alikuwa mlaji namba moja." Akatabasamu, akainua ndoo. "Nilikuwa nasubiri mmoja wenu akue."

Jengo sasa limesimama. Nyufa hakuna, madirisha ya loliondo yanang'aa, Sunday school wamehamia humo, na mvua ikipiga bati mwalimu wao naye anaweka chaki chini. Siku ya ufunguzi Zakayo aliwekewa kiti cha mbele chenye kitambaa. Alikaa dakika mbili, akaenda nyuma kuangalia mfereji. Mchungaji akamsifu akiwa hayupo, na marehemu Bibi Naomi akatajwa kwa jina madhabahuni, nasi kumi na mmoja tulisimama tena bila kuambiwa.

Najua ilivyo desturi, mtu akifika hapa anasema enzi zetu zilikuwa bora. Mimi sina hakika. Enzi zetu tulichapwa kupita kiasi, na mama mjane aliumia mgongo kwa ajili ya hofu yetu. Hayo siyatamani. Watoto wa leo hawatetemeki mbele ya mwalimu wao, nami nafurahi. Wanakula vibanzi vya pakiti, upepo mwingi kuliko kiazi, lakini angalau hawali kanisa. Ninachokikosa ni kimoja: zamani mtu mzima aliweza kuliona kosa la mtoto wa jirani akalimeza, likaishia tumboni mwake. Siku hizi kosa la mtoto linafika kwenye kundi la simu la usharika kabla mtoto mwenyewe hajafika nyumbani, na sisi wakubwa ndio tunaolituma.

Wiki iliyopita nilipita pale nikawakuta watoto wanne wanapiga mpira wenye tope kwenye ukuta ambao tumetoka kuupaka chokaa. Waliponiona wakatawanyika migombani. Nikabaki natazama alama, duara duara, kama kumi hivi. Simu nilikuwa nimeshaitoa, kamera imeshafunguka. Nikairudisha. Nikateka maji, nikatoa kitambaa, nikaanza kufuta.

Moja iko juu sana, sikuifikia. Ipo mpaka leo, na Nuruel hupita pale kila Alhamisi kukagua jengo. Akiuliza, bado sijajua nitasema nini.